Namna ya Kupima Kama Uchumi wa Kaunti Ndogo Umeinuka: Mfano wa Vihiga

Kila mwaka wananchi wa kaunti ndogo za magharibi mwa Kenya husikia kauli mbili zisizopatana. Jukwaani huambiwa kwamba uchumi umefufuka na miradi inaendelea, na sokoni huambiwa na muuza mboga kwamba pesa hazizunguki. Si lazima mmoja wao awe mwongo, kwa kuwa kila mmoja anasema juu ya kitu tofauti: wa kwanza ametazama bajeti, naye wa pili ametazama mkoba wake. Mwongozo huu unaeleza jinsi mtu mmoja, au bora zaidi chama cha watu kumi au ishirini, anavyoweza kujipimia hali halisi kwa muda wa mwaka mmoja, akaandika mtazamo wa kurasa mbili kuhusu miezi ijayo, na kuuwasilisha mahali ambapo utasomwa. Gharama yake ni kaunta buku moja, kalamu, na saa moja kila wiki. Nimeichukua Vihiga kuwa mfano kwa sababu ndiko nilikojifunzia kazi hii, ila msomaji wa Nyamira, Busia au Siaya hatapata shida kuigeuza ifae kwao.

Kabla ya kuandika bei yoyote, elewa kwanza unapima kaunti ya namna gani. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 katika Vihiga, na msongamano wao ulizidi watu 1,000 kwa kila kilomita mraba, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 82. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata familia nyingi zina robo ekari au nusu. Lakini takwimu inayosema mengi zaidi ni ile inayopatikana ukilinganisha sensa mbili. Mwaka 2009 kaunti ilikuwa na watu 554,622, kwa hiyo katika miaka kumi iliongezeka kwa takriban asilimia 6 tu, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni kwamba watu huondoka. Vihiga husomesha vijana, kisha vijana hao huenda Nairobi, Kisumu, Eldoret na Nakuru, na kutoka huko hutuma pesa nyumbani. Usipolikumbuka jambo hili utafanya kosa la kupima shamba na duka peke yake, na kuusahau mshahara wa mwana aliye mbali, ambao ndio unaolipa ada, unaoezeka nyumba na unaonunua mbolea.

Kwa sababu hiyohiyo, ichukulie kwa tahadhari takwimu ya pato la kaunti, ambayo Shirika la Kitaifa la Takwimu, yaani KNBS, lilianza kuitoa mwaka 2019. Takwimu hiyo ni nzuri kwa kulinganisha kaunti na kaunti, na kwa kujua kilimo kinachukua sehemu gani na biashara sehemu gani. Hata hivyo, inahesabu kilichozalishwa ndani ya mipaka, haihesabu kilichotumwa kwa simu kutoka Nairobi, na tena hutoka ikiwa imechelewa kwa mwaka au zaidi. Mtu anayetaka kujua kama aongeze bidhaa dukani mwezi ujao hawezi kuingoja.

Daftari la soko

Chagua masoko mawili, moja kubwa na moja dogo, nawe usiyabadilishe kwa mwaka mzima. Kwa Vihiga, soko kubwa laweza kuwa Luanda, lililo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, au Mbale, makao makuu ya kaunti, ambako mishahara ya watumishi wa serikali huonekana waziwazi mwishoni mwa mwezi. Soko dogo liwe la kijijini kwako, lile ambalo watu huliendea kwa miguu. Tofauti ya masoko hayo mawili ni habari yenyewe, kwa sababu soko la barabarani huweza kuchangamka kwa pesa za wasafiri na madereva huku la kijijini likibaki na wauzaji wanaotazamana.

Kipimo cha kwanza, na ambacho ningekishika kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ni uwiano wa kibarua na gorogoro. Andika bei ya gorogoro moja ya mahindi, yaani mkebe mmoja wa kupimia nafaka, siku ya soko, kisha uandike ujira wa siku moja wa kulima shamba la mtu. Gawanya ujira kwa bei ya gorogoro. Tuseme kibarua kinalipwa shilingi 300 na gorogoro ni shilingi 150: siku ya jasho inanunua gorogoro mbili. Mwaka ukigeuka, kibarua kikawa shilingi 350 na gorogoro shilingi 200, mlimaji atakuwa amepandishiwa malipo kwa shilingi 50, lakini siku yake sasa inanunua gorogoro moja na robo tatu. Ujira umepanda na mtu ameteremka. Hakuna waraka wa serikali utakaokuonyesha jambo hili kwa wepesi huo, kwa sababu mfumko wa bei hutangazwa kwa nchi nzima, na kibarua cha kijijini hakiandikwi popote.

Angalia hata hivyo usidanganywe na chombo. Gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, na kila aliyewahi kununua nafaka sokoni anajua kwamba kuna mikebe iliyogongwa kitako kikaingia ndani, ikawa inajaa mapema. Kwa hiyo nenda na mkebe wako, au ununue kutoka kwa muuzaji yuleyule na kuyapima mahindi kwa mizani mara moja kila baada ya miezi mitatu. Bei ikitulia huku kipimo kikipungua, bei imepanda.

Kipimo cha pili ni ujenzi. Muulize mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameuza mifuko mingapi ya saruji na mabati mangapi mwezi huo. Wengi hawatakupa idadi kamili, nao wana haki ya kukunyima, lakini watakubali kukuambia kama ni zaidi au ni pungufu kuliko mwezi kama huo mwaka uliopita. Uliza pia nani ananunua. Mwanakandarasi akinunua, hiyo ni pesa ya kaunti au ya mfuko wa eneo bunge. Mwenyeji akinunua mabati kumi, mara nyingi hiyo ni pesa iliyotumwa. Mafundi wa uashi nao ni mashahidi wazuri: fundi anayekubali kazi ya siku mbili iliyo mbali na kwao hana kazi ya wiki mbili iliyo karibu.

Kipimo cha tatu ni dalili za kubanwa, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wa magharibi hawapendi kutangaza shida zao, na heshima ya nyumba hulindwa hata chungu kikiwa kitupu. Huwezi kumwuliza jirani kama amelala njaa. Unaweza kuona, hata hivyo, mikaratusi ikikatwa ikiwa myembamba ili iuzwe nguzo au kuni kabla ya wakati wake. Utaona ndama akiuzwa kabla ya kuachishwa, majani ya ng'ombe yakikatwa na kuuzwa barabarani na mtu ambaye yeye mwenyewe ana ng'ombe, mahindi mabichi yakiuzwa ya kuchemsha katika Juni badala ya kuachwa yakauke, na wanafunzi wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada wiki ya tatu ya muhula. Hesabu unachoweza kukihesabu: magogo yaliyopangwa kando ya barabara, ndama walioletwa mnadani, watoto wenye sare njiani saa nne asubuhi. Andika tarehe na idadi, bila jina la mtu yeyote.

Kipimo cha nne, kama ninyi ni chama, mnacho tayari katika kitabu cha mweka hazina. Tazameni mikopo ya mwaka mzima na kuigawa kulingana na kilichokopewa: bidhaa za biashara, mbegu na mbolea, ada, matibabu, matanga, chakula. Jumla ya mikopo ikipanda kwa sababu wanachama wanaongeza bidhaa, hiyo ni dalili ya kuinuka. Ikipanda kwa sababu ya chakula na ada, chama kimekuwa daraja la kuvukia njaa, nalo ongezeko hilo lisisomwe mbele ya wanachama kama ushindi, ingawa faida itaonekana nzuri kwenye karatasi.

Mengine yaandikwe kwa mstari mmoja tu kila wiki: nauli ya bodaboda hadi barabara kuu, vibanda vilivyofungwa, bei ya lita moja ya petroli. Usiongeze vipimo zaidi ya kumi. Nimeona madaftari yaliyoanza na vipimo thelathini yakikoma wiki ya tano.

Msimu usikudanganye

Sheria moja haina msamaha: linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, usilinganishe na mwezi uliopita. Uchumi wetu una mawimbi yake. Mvua ndefu huanza Machi, mahindi hupandwa, na kuanzia Aprili hadi Juni ghala huwa tupu na bei ya gorogoro hupanda. Julai na Agosti mavuno huingia, bei hushuka, watu huvuta pumzi. Oktoba wakulima wa chai wa Sabatia na Hamisi, wengi wao wakiwa wamepeleka majani yao katika kiwanda cha Mudete, hupata bonasi. Desemba wenyeji hurudi kutoka mijini, nyama huchinjwa, na tarehe 26 tamasha la utamaduni wa Wamaragoli hujaza watu Mbale. Januari karo huyazoa yote. Aidha kuna wimbi lisilotokana na mvua: mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na kaunti nyingi hukimbizana kutumia fedha katika miezi ya mwisho, kwa hiyo tingatinga barabarani mwezi wa Juni haliwezi kuwa ushahidi wa kitu chochote isipokuwa kalenda.

Somo hili nililipia. Mwaka 2021 nilikuwa katibu wa chama cha akiba, na mwezi wa Agosti niliwaandikia wanachama taarifa kwamba biashara imerudi. Nilikuwa na sababu zangu. Soko lilijaa, mahindi mapya yalikuwa yameshuka bei, na wateja walikuwa na chenji. Kwa neno langu tukawakopesha wanachama sita waongeze bidhaa, na kufikia Novemba wanne kati yao walikuwa nyuma katika malipo. Nilikuwa nimeilinganisha Agosti na Juni, na Juni ile ilikuwa ya pekee: Vihiga ilikuwa miongoni mwa kaunti 13 za eneo la ziwa na magharibi zilizowekewa kafyu ya saa moja jioni kwa sababu ya korona, na maduka yalifungwa jua likiwa bado juu. Chochote kikilinganishwa na mwezi kama huo kitaonekana kimepanda. Tena nilisahau kwamba kalenda ya shule ilikuwa imebanwa, muhula mmoja ukafunguliwa Julai na mwingine Oktoba, kwa hiyo karo ilidaiwa mara mbili katika muda wa mavuno mamoja. Kosa hilohilo hufanywa na watu wakubwa kuliko mimi: uchumi wa Kenya ulinywea kidogo mwaka 2020, kisha 2021 ukatangazwa kukua kwa zaidi ya asilimia 7, na wengi wakasoma takwimu hiyo kama kwamba nchi imepata mbio mpya, ilhali sehemu kubwa yake ilikuwa kurudi pale tulipokuwa.

Kwa mwaka wa kwanza wa daftari hutakuwa na mwezi wa kulinganisha nao. Tumia kumbukumbu za watu wenye vitabu: mwenye kinu cha kusaga, mweka hazina wa kanisa, muuza pembejeo. Sadaka za Jumapili, kwa mfano, huandikwa kwa uaminifu kuliko mauzo ya maduka mengi.

Nyaraka za kaunti na namna ya kuzisoma

Sasa weka daftari kando na uchukue nyaraka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeziwekea tarehe, nazo ni vyema uziandike ukutani: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mapitio na mtazamo wa bajeti hutayarishwa kufikia Septemba 30, taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti hufika kufikia Aprili 30. Juu ya zote upo mpango wa miaka mitano, ambao watumishi wa kaunti huuita CIDP, na ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Waraka wa mapitio na mtazamo, ule wa Septemba 30, ndio unaohusu kuinuka kwa uchumi moja kwa moja. Usianzie ukurasa wa kwanza. Sura za mwanzo katika nyaraka hizi mara nyingi hueleza uchumi wa dunia na wa taifa kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka kwa waraka wa Hazina ya Kitaifa, na unaweza kusoma kurasa kumi usikutane na jina la hata wadi moja kati ya wadi 25 za Vihiga. Nenda kwenye majedwali. Tafuta mambo manne.

La kwanza ni fedha za maendeleo zilizotumika, si zilizopangwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iwe ya maendeleo katika kipindi cha kati, na karibu kila bajeti hupangwa ili ifikie kiwango hicho. Swali ni ngapi zilitoka. La pili ni mishahara, ambayo kanuni za 2015 zinataka isipite asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Ikipita, jua fedha za barabara na visima ndizo zilizosogezwa. La tatu ni madeni ambayo kaunti haijawalipa wanakandarasi na wauzaji bidhaa. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mwanakandarasi mdogo wa Chavakali aliyejenga madarasa kwa mkopo wa benki na kukaa miaka miwili bila kulipwa hatawaajiri vijana tena, hatanunua saruji tena, na pengine shamba lake litanadiwa. Kaunti yenye miradi mingi mipya na madeni mengi ya zamani inakopa kwa wananchi wake bila riba na bila ridhaa yao.

La nne ni mapato ya ndani, na hapa pana mtego. Kwa kaunti kama Vihiga mapato hayo ni sehemu ndogo sana ya bajeti; nguzo ni mgao kutoka serikali kuu, ambao kwa Vihiga tangu mwaka wa fedha wa 2021/22 umekuwa shilingi bilioni 5 na ushei. Mapato ya ndani yakipanda kwa kishindo, usishangilie kabla ya kuuliza yametoka wapi. Ushuru wa soko, leseni za biashara na maegesho huonyesha biashara. Ada za hospitali huonyesha wagonjwa. Tangu sheria ya mwaka 2023 ya kuboresha fedha za vituo vya afya, hospitali huruhusiwa kubaki na fedha zinazokusanya na kuzitumia, nazo huingizwa katika hesabu. Kwa hiyo kaunti inaweza kutangaza rekodi ya makusanyo katika mwaka ambao vibanda vingi vya soko vimefungwa. Tenganisha safu hizo mbili kabla ya kuchora mstari wowote.

Linganisha kila kitu na ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambaye hutoa taarifa kila robo mwaka yenye sehemu ya kila kaunti. Mimi huziamini zaidi kuliko nyaraka za kaunti zenyewe, kwa sababu mwandishi wake hana mradi wa kuufungua. Ripoti ya robo ya kwanza, yaani Julai hadi Septemba, ndiyo inayofichua: ukikuta matumizi ya maendeleo karibu na sufuri, ujue fedha zilichelewa au manunuzi hayakuanza kwa wakati.

Mgao wenyewe nao usisomwe kwa majina ya mabilioni tu. Kaunti zote 47 ziligawiwa shilingi bilioni 370 mwaka wa 2021/22, na mwaka wa 2024/25, baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 wa kuongeza kodi kuondolewa na mgao kupunguzwa, zikapewa bilioni 387.4. Ongezeko hilo la miaka mitatu halifiki asilimia 5. Katika muda huohuo kuna mwezi, Oktoba 2022, ambao bei zilikuwa juu kwa asilimia 9.6 kuliko mwaka uliotangulia. Kwa hiyo fedha ziliongezeka kwa idadi na kupungua kwa nguvu, sawasawa na yule mlimaji wa shilingi 350. Mgao wa 2025/26, uliofikia bilioni 415, ni hatua kubwa zaidi, ila usiuite nafuu kabla ya kuondoa kupanda kwa bei tangu 2021.

Kama hupati waraka mtandaoni wala katika ofisi ya wadi, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Nakala ya barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko simu kumi. Ofisi moja niliyoiandikia ilinyamaza kabisa mpaka nilipoipelekea barua ya pili iliyotaja tarehe ya ile ya kwanza.

Upepo unaovuma kutoka mbali

Mtazamo wa kaunti ndogo hauandikwi kwa kutazama ndani peke yake. Chagua mambo matatu au manne ya nje yanayogusa nyumba za kwenu na ueleze yanaingilia mlango gani. Chai ni mfano mzuri. Inauzwa mnadani Mombasa kwa dola, kwa hiyo shilingi ilipoimarika mwaka 2024 kutoka karibu 160 kwa dola mwezi wa Januari hadi takriban 129, mnunuzi wa mafuta na mbolea alinufaika, lakini kilo ya chai ilileta shilingi chache hata pale ambapo bei ya dola haikutikisika. Ongeza kwamba majani ya magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida hupata bei ya chini kuliko ya mashariki. Anayeandika mtazamo wa Sabatia katika Julai, akijua mambo hayo mawili, anaweza kuwaonya watu wasikope kwa kutegemea bonasi ya Oktoba.

Mbolea ni jambo la pili. Mfuko wa ruzuku wa kilo 50 ulishushwa kuwa shilingi 3,500 mwaka 2022 na baadaye 2,500 mwaka 2023. Bei hiyo ni halisi, lakini andika katika daftari lako gharama ya kuufikia mfuko: nauli ya kwenda kwenye ghala, siku iliyopotea, na kama mbolea ya kupandia ilikuwapo mvua ilipoanza. Mbolea inayofika Mei ni mbolea ya mwaka ujao. Jambo la tatu ni miwa, hata kama Vihiga si kaunti ya miwa kama Kakamega na Bungoma. Mwaka 2023 viwanda vya magharibi viliposimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae, hasara haikuishia Mumias, kwa kuwa wakata miwa, madereva na wauza chakula wengi hutoka kaunti jirani.

La nne ni ajira ya mijini. Njia nyepesi ya kuifuatilia ni kuzungumza na mawakala watatu wa M-Pesa, na kuwauliza kama watu wanaotoa pesa ni wengi na kiasi kimepungua au kimeongezeka. Wakala akisema wateja ni walewale lakini waliokuwa wakitoa shilingi 3,000 sasa wanatoa 1,000, mwana wa Nairobi amebanwa, na kijiji kitaiona Januari.

Kuuandika mtazamo na kuupeleka

Baada ya miezi kumi na miwili andika kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa wa kwanza ueleze hali: uwiano wa gorogoro na kibarua kwa kila mwezi, dalili za kubanwa, mikopo ya chama kwa makusudi yake, kisha takwimu tatu au nne kutoka kwa nyaraka. Pale daftari na nyaraka zinapopingana, usifiche na usichague upande; eleza tofauti na sababu unayoidhani. Mara nyingi hapo ndipo penye habari. Kaunti inaweza kuonyesha barabara tatu zimekamilika na daftari lako likaonyesha nauli ya bodaboda imebaki palepale, na swali la kwa nini barabara haikushusha nauli lina faida kuliko sifa za barabara.

Ukurasa wa pili uwe wa mtazamo wa mbele, nao uandikwe kwa masharti na tarehe. Sentensi ya kusema uchumi utakuwa bora haifai, kwa kuwa haiwezi kukosolewa. Andika hivi: mvua za Machi zikianza kwa wakati na mbolea ikiwa ghalani kabla ya tarehe 10, tunatarajia gorogoro Agosti iwe chini ya bei ya Agosti iliyopita, mvua zikichelewa kwa wiki tatu, tunatarajia kinyume, na wanachama wasiuze mahindi yao Agosti. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na ni vyema kuutaja ulioutumia. Weka hali mbili tu, ya nafuu na ya kubanwa, na kwa kila moja useme chama kitafanya nini na kinaiomba kaunti ifanye nini.

Ombi liwe moja au mawili, yenye mahali na kiasi. Kulipwa kwanza kwa madeni madogo ya wanakandarasi wa ndani, kwa mfano, ni ombi ambalo halihitaji mradi mpya wala tingatinga, na linaingiza fedha sokoni haraka kuliko ahadi ya kiwanda. Bunge la kaunti linatakiwa na kifungu cha 196 cha Katiba kuwashirikisha wananchi, na taarifa ya mkakati wa fedha inapaswa kuzingatia maoni ya umma kabla ya Februari 28. Kwa hiyo maandishi yako yafike Januari, si Machi. Peleka nakala tatu: kwa idara ya fedha, kwa karani wa bunge la kaunti, na kwa mwakilishi wa wadi yako, kila moja ikigongwa muhuri. Katika kikao chenyewe watu hupewa dakika mbili au tatu za kusema, na wengi huzimaliza kwa salamu; wewe soma uwiano wa gorogoro wa Mei mbili zilizofuatana, taja ombi lako, kisha ukae. Mkalimani wa kikao atakushukuru.

Kisha rudi kwenye daftari. Mwezi wa Agosti fungua ule ukurasa wa pili, weka alama pale ulipopata na pale ulipokosea, na uandike kando sababu ya kila kosa kwa kalamu ya rangi nyingine, kwa sababu ukurasa huo ndio utakaouanzia Januari ijayo.